Mfungwa wa Beseni la Buluu

Mtaa mzima walimwita Mama Trei, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Miaka thelathini na mmoja alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake, na kila asubuhi ya miaka hiyo alionekana akikata uchochoro na trei mbili za mayai, moja juu ya nyingine, kidevu kimebana ile ya juu isiteleze. Hakuwa na cheti cha mifugo. Alikuwa na darasa la saba, macho mawili makali, na kichwa kisichosahau kuku hata mmoja. Ukimtajia mwaka, yeye anakutajia kuku wa mwaka huo: huyu alikufa kwa kideri, huyu alibebwa na paka wa mwalimu, huyu alitaga yai lenye viini viwili akaringa wiki nzima.

Magoti yalipomgomea, aliuza kuku wote. Akabaki na banda tupu, rundo la trei lililofika dari ya jiko, na ushauri mwingi usiokuwa na wa kupewa.

Ndipo kitinda mimba wake, ambaye kazi yake ni kuchora ramani, alipopata mkataba wa miezi minane mbali na nyumbani. Akasafiri na mumewe na mtoto wao wa miaka miwili. Kabla ya kuondoka alileta tangi la kioo, akaliweka sebuleni chini ya dirisha, na ndani yake walikuwemo viumbe watatu ambao Mama Trei hakuwahi kuwaona wala kuwaota.

"Mama, hawa wanaitwa aksolotli."

"Kila mmoja anaitwa hivyo, au ni jina la ukoo?"

"Ni aina yao, mama. Wanaishi majini maisha yao yote."

Mama Trei aliinama akavaa miwani. Walikuwa kama mijusi wanene, urefu wa kiganja na vidole vyake, wana miguu minne na mkia wa samaki. Pande zote mbili za shingo walikuwa na vishada vya nyuzi laini, mithili ya manyoya, ambavyo ndivyo vya kupumulia majini. Na wote watatu walikuwa wanacheka. Midomo imepinda juu tangu shavu hadi shavu, kama watu waliosikia siri ya mtu.

"Wananichekea nini hawa?"

"Hawacheki, mama. Nyuso zao ndivyo zilivyoumbwa."

Binti alimwandikia maelekezo kwenye karatasi: nyungunyungu wawili wawili, kila siku ya pili, sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki, siku za joto, chupa ya barafu ielee ndani ya tangi. Kuhusu dume na jike hakuandika kitu. "Bado wadogo, sijui nani ni nani," alisema. Mama Trei alitabasamu kidogo. Mtu aliyetenganisha vifaranga tangu binti hajazaliwa hawezi kushindwa na mijusi watatu.

Akawapa majina siku hiyohiyo, kwa rangi zao: mweupe akawa Unga, mweusi akawa Mkaa, wa dhahabu akawa Manjano. Na kabla chai haijapoa, alikuwa ameshawagawa. Kuku dume hujulikana kwa kilemba chake, kikubwa, chekundu, kinachosimama. Kati ya wale watatu, Mkaa ndiye mwenye vishada vikubwa kuliko wote, vyekundu pyu, akivitikisa kama anayekwenda kuhutubia. Basi Mkaa ndiye jogoo. Unga na Manjano ni mitetea wake. Manjano hasa, maskini, vishada vyake vilikuwa vifupi, mwili mwembamba, muda wote kajikunja kwenye kona. Mama Trei akamhurumia: mwali mwenye aibu.

Nje ya dirisha lile, mgongo ukiegemea ukuta wa nyumba, alikaa fundi viatu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Trei, na kwa hiyo walikuwa shemeji, na kwa kuwa walikuwa shemeji hawakuwahi kupitisha siku bila kutaniana. Tangi lilipowekwa, fundi aligeuza kigoda chake, akawa anashona soli huku akitazama ndani.

"Shemeji, hii runinga yako ni nzuri. Haina matangazo."

"Shona viatu vya watu. Wamekuja kufuata viatu, hawakuja kufuata shingo yako."

Mwezi wa tatu tangu binti aondoke, asubuhi, Mama Trei alikuta kokoto na majani ya tangi yamejaa vidonge vinavyong'aa, kila kimoja na nukta nyeusi katikati, na Unga akitembea juu ya jani, anabandika kingine, anapumzika, anabandika kingine.

Alipiga ukelele uliomfanya fundi ajichome sindano.

"Anataga! Shemeji, anataga!"

Miaka mingapi hajaona yai likitoka? Alileta tochi, akazima taa, akapima mayai kwa mwanga kama alivyozoea, ingawa mayai yenyewe yalipitisha mwanga bila msaada wa mtu. Akaanza kuhesabu. Alipofika mia mbili na arobaini alipoteza hesabu kwa sababu fundi alimuuliza yanakaangwa au yanachemshwa.

Kwa Mama Trei jambo lilikuwa wazi. Kuku anayetaga ni kuku mzima. Kuku mgonjwa hatagi, kuku mwenye njaa hatagi, kuku aliyekosewa heshima hatagi. Mayai kama mia tatu, basi, ni salamu za shukrani kwa mlezi. Jumapili binti alipopiga simu, Mama Trei alijibu kwa sauti ya mtu mwenye zawadi mgongoni:

"Wazima sana. Wamenona. Utawakuta na mambo."

"Mambo gani, mama?"

"Utayaona. Na mjukuu wangu hajambo? Mwenzake lini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililofunga kila simu, kama mtu anayefunga mlango. Binti naye alikuwa na jibu moja, kicheko kifupi, halafu "haya mama, salio."

Mayai karibu yote yaliliwa na wazazi wenyewe kabla ya kuanguliwa. Hilo pia Mama Trei alilijua: kuku akila mayai yake amepungukiwa chokaa. Akasaga maganda ya mayai, akanyunyiza. Maji yakawa kama uji, na siku mbili nzima kikaonekana kicheko tu, kinaelea peke yake nyuma ya kioo.

Baada ya wiki tano Unga alitaga tena. Mama Trei akafanya kila kitu upya: tochi, hesabu, ukelele. Wiki nne baadaye, mara ya tatu. Safari hii hakupiga ukelele. Unga alibandika mayai yake polepole, akishuka chini kupumzika kila baada ya matatu, na alipomaliza hakula. Nyungunyungu alipita mbele ya pua yake akaenda zake.

"Shemeji," fundi aliita dirishani, siku ya tatu ya Unga kutokula. Hakuwa na utani sautini. "Yule mweupe wako anacheka, lakini anakwisha."

"Anayekwisha hatagi."

"Mtazame tumbo. Amekuwa kichwa na mkia. Kama kijiko."

Mama Trei alitaka kumjibu vizuri, jibu la kumfanya anyamaze hadi Ijumaa. Lakini alivaa miwani akatazama. Kweli, Unga alikuwa kijiko. Vishada vilivyokuwa vya waridi vimefifia, mbavu za pembeni zinahesabika, na juu ya yote hayo, kicheko kilekile. Kuku angekuwa ameinamisha shingo, amefunga jicho moja, ametuna manyoya. Ungemwona toka mlangoni. Huyu angekufa anacheka, na mwenye nyumba angedhani anafurahi.

Alikaa kwenye kiti, na jambo ambalo hakuliita likaja lenyewe.

Yeye mwenyewe alizaa watoto sita katika miaka minane. Mama mkwe alikuwa akimshika mkono mbele ya wageni, anamzungusha kama kitambaa dukani: "Mwoneni, mwaka kwa mwaka! Huyu hajui kuumwa!" Na yeye anatabasamu, kwa sababu ukisifiwa unatabasamu. Baada ya yule wa sita, alianguka sokoni na trei mbili. Alipofumbua macho watu walikuwa wamemzunguka, wote wanasikitika, wanatikisa vichwa, na ilimchukua muda kuelewa kwamba wanayalilia mayai. Mwaka uleule mumewe alipelekwa kazi ya mbali, akakaa huko miaka mitano. Mtaa ulimwonea huruma. Yeye alilala. Alikula. Mumewe aliporudi ndipo akazaliwa kitinda mimba, mnono kama mto wa kulalia, huyuhuyu mwenye tangi.

"Jogoo anaondoka leo," alisema Mama Trei, akainuka.

Alimteka Mkaa kwa bakuli, akammwaga kwenye beseni kubwa la buluu jikoni, kwenye kivuli, maji baridi. Na hapo hukumu ikaanza. Kila asubuhi alipompelekea nyungunyungu alisimama mikono kiunoni.

"Mkubwa mzima huna haya! Mwenzako amebaki mifupa, wewe umesimamisha kilemba! Kula, kula, ndiyo unayoijua hiyo!"

Mkaa alicheka.

"Na bado unacheka!"

Fundi alimwomba apunguze sauti, wateja walikuwa wanadhani kuna mwanamume jikoni. Mama Trei hakupunguza. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Unga alianza kula kidogo, nusu nyungunyungu leo, nusu keshokutwa, na Mama Trei akaanza tena kuimba anapofagia. Manjano, yule mwali mwenye aibu, alimwacha mle ndani makusudi, ili mgonjwa asikae peke yake. "Mkae pamoja wanawake kwa wanawake," aliwaambia. Akaona hata Manjano amechangamka siku hizi: anamzunguka mwenzake, anamsukuma kwa pua, anakata viuno na mkia. "Anamfariji," Mama Trei alimweleza fundi. "Mtoto ana roho nzuri."

Fundi alitazama faraja ile kwa muda mrefu, uzi mdomoni.

"Shemeji, mimi si mtaalamu. Lakini faraja ya namna hiyo naikumbuka."

"Macho yako yana uchafu."

Wiki ya tatu, asubuhi, kulikuwa na mayai kwenye majani. Machache, hamsini labda, yamebandikwa ovyo kama na mtu anayesinzia. Na Unga amelala ubavu chini ya tangi.

Mama Trei hakukaa kuuliza. Alitafuta ndoo mbili zenye vifuniko. Katika ya kwanza alimtia Unga na chupa ya barafu. Katika ya pili aliwatia Mkaa na Manjano, kwa sababu sasa hakumwamini mtu yeyote. Kisha akafungua mlango.

"Shemeji, funga kibanda. Beba hii."

"Nina viatu vya bwana harusi hapa."

"Bwana harusi ataoa na ndala. Beba!"

Walitembea hadi upande wa pili wa soko, kwa muuza samaki wa mapambo, mtu mfupi ambaye mikono ya shati lake ilikuwa imelowa hadi viwikoni siku zote, hata akiwa hafanyi kazi. Alifunua ndoo ya kwanza, akamtazama Unga, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Huyu ametaga mara ngapi, mama?"

"Nne."

"Kwa mwaka?"

"Kwa..." Mama Trei alihesabu kwa vidole. "Kwa miezi mitatu."

Mtu yule alivuta pumzi kwa meno. "Mama, jike wa hawa akishataga anapumzika miezi sita. Kwa haraka kabisa, mitatu, na awe amenona sawasawa. Mayai yale yote yanatoka kwenye nyama yake. Dume hana habari, yeye baada ya wiki mbili yuko tayari, anarudi tena, na jike aliye kwenye tangi moja naye hana pa kukimbilia. Ndiyo maana hawafugwi pamoja."

"Najua," alisema Mama Trei, na kiburi kikarudi kidogo mahali pake. "Dume nilishamtoa zamani. Wiki tatu yuko kifungoni. Mwulize huyu." Akafunua ndoo ya pili, akamnyooshea Mkaa kidole. "Yule pale, mhalifu."

Muuza samaki alimteka Mkaa kwenye chombo cha kioo, akakiinua juu kwenye mwanga, akamtazama kwa chini. Akamrudisha. Akamteka Manjano, akamtazama vilevile. Halafu akaweka chombo mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwaga kicheko.

"Mama, dume hajulikani kwa vishada. Anajulikana huku nyuma, baada ya miguu ya mwisho. Dume ana uvimbe. Tazama." Akamgeuza Manjano. Palikuwa na uvimbe ambao hata bila miwani mtu angeuona. "Huyu mweusi ni jike. Tena jike mwenye afya kuliko majike yangu yote humu ndani. Amenona! Umemlisha nini?"

Fundi viatu alitazama dari.

"Kwa hiyo wiki tatu," alisema Mama Trei polepole, "nimemfunga mwanamke mwenzangu, nikamtukana kila asubuhi..."

"Na ukawaacha maharusi chumbani," fundi akamalizia. Hakuweza tena. Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo, na muuza samaki akacheka, na Manjano, mwembamba, mwenye aibu, alicheka kuliko wote.

"Lakini mbona huyu mweusi hakutaga hata mara moja?" Mama Trei aliuliza, anatafuta pa kushika.

"Labda hakumtaka tu huyu kijana. Wapo wenye misimamo. Na wewe ukamtoa kabla hajabadili mawazo. Kifungo kimemfaa, mama."

Mama Trei hakucheka. Alimtazama Mkaa aliyenona kwa kukaa peke yake, akamtazama Unga aliyelala ubavu. "Huyu atapona?"

Muuza samaki naye akaacha kucheka. "Sikudanganyi, sijui. Maji baridi, kimya, kivuli. Umpe chakula kidogo kidogo kila siku, mdomoni kabisa. Anaweza kutaga kidogo hata bila dume, wana akiba ya mbegu ndani, usishtuke. Tumbo likirudi kuwa pana kama kichwa, amepona. Asipokula wiki hii, mama..." Akafuta mikono yake iliyolowa kwenye shati lililolowa.

Walirudi. Manjano akatiwa beseni la buluu bila hotuba. Mkaa akarudishwa kwenye tangi, na Mama Trei akasimama mbele ya kioo akatoa kauli ambayo hakuwahi kumpa kuku, mume wala mama mkwe: "Nimekosa. Nisamehe." Unga akawekwa peke yake kwenye karai jeupe, kitambaa juu, chini ya meza.

Kisha akaenda kwenye banda tupu na jembe. Udongo ule ulikula mbolea ya kuku miaka thelathini na mmoja. Nyungunyungu wake walikuwa wanene kama kamba za viatu. Fundi alichimba, yeye alichagua. Walikata vipande vidogo, na Mama Trei akapiga magoti, yale magoti yaliyogoma, akashika kipande kwa kibanio chake cha nyusi, akakipeleka kwenye pua ya Unga.

Siku ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Siku ya nne ilikuwa Jumapili, simu ikalia.

"Mama, hawajambo hao?"

Mama Trei angeweza kusema wazima, wamenona. Neno lilikuwa tayari ulimini. "Mweupe anaumwa," alisema. "Nimemuumiza mimi. Nilidhani anataga kwa sababu ni mzima." Akaeleza yote, hata la kilemba, hata la matusi. Upande wa pili binti alisema kwa upole, "Basi mama, mlishe hivyohivyo." Akangoja. Mlango wa simu haukufungwa kama kawaida.

"Mama? Leo huniulizi?"

"Nikuulize nini? Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Lala."

Siku ya sita Unga alifungua mdomo, akanyakua kipande na ncha ya kibanio pamoja, akakataa kuachia. Mama Trei aliita kwa sauti ya kuamsha mtaa, na fundi akaja mbio na kiatu kimoja mkononi, akawakuta wanavutana.

Miezi minane ilipotimia, binti aliingia nyumbani akakuta tangi, karai na beseni, kila kimoja mahali pake. Ukutani kulikuwa na kalenda. Kuanzia tarehe ile ya mayai ya mwisho, Mama Trei alikuwa amevuta mstari wa wino mwekundu ukapita miezi sita kamili, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa za darasani: UNGA ANAPUMZIKA. ASISUMBULIWE. Unga mwenyewe alikuwa karaini, tumbo pana kama kichwa, anacheka, na kwa mara ya kwanza Mama Trei aliona kuna sababu.

Chakula kilipokwisha, mkwe alikohoa, akaweka mtoto gotini, akaanza kwa adabu zote. "Mama, sasa tumerudi. Huko nyumbani kwetu mama ananiuliza kila siku kuhusu mwenzake huyu, na mimi nikawa nafikiri labda mwaka huu..."

Binti alitazama sahani. Mama Trei hakumtazama mkwe. Alimtazama binti, kwa lile jicho la zamani la bandani, kuanzia mifupa ya shingo hadi mikononi. Kisha akamgeukia mkwe, kwa heshima yote ambayo mkwe anastahili.

"Baba, ameshakwambia mwenyewe kwamba yuko tayari?"

"Bado, mama, ila..."

"Basi ukimaliza chai yako, pitia jikoni. Kuna beseni la buluu. Manjano yuko peke yake mle, na nafasi ipo ya mtu mmoja zaidi."

Dirishani, fundi viatu alijichoma sindano.